Photoshop: kitufe cha kufungua Color Picker bila kuhamisha mausi

kioo_safi:
Wakuu, natumia Photoshop kwenye Windows, kazi ni kusafisha picha za harusi na kubadilisha mandharinyuma ya picha za pasipoti. Kila nikitaka rangi mpya lazima mausi iende hadi kile kiboksi cha rangi chini ya zana. D (kurudisha nyeusi na nyeupe), X (kubadilishana rangi mbili) na I (kuchukua rangi kwenye picha) nazijua. Nataka kitufe kimoja kinachofungua Color Picker, lile dirisha la kuchagua rangi. Nimepekua Keyboard Shortcuts, sikioni. Na zile bluu mbili ninazozirudia kila siku, zinaweza kupewa vitufe vyake?

fundi_rangi:
Hukioni kwa sababu hakiko kwenye menyu. Bonyeza Ctrl+Alt+Shift+K, kisha penye Shortcuts For ondoa Application Menus, weka Tools. Shuka karibu na mwisho wa orodha, utakuta Foreground Color Picker. Bofya, andika N, Accept, OK.

Upande wa Tools unapokea herufi moja tu, Ctrl haikubaliki. Herufi ikiwa tayari ni ya zana nyingine utaonywa kwamba itanyang'anywa, kwa hiyo B (brashi) na V (kuhamisha) ziache. Hifadhi seti kwa jina lako. Inakuwa faili la .kys unaloweza kulibeba kwenye flashi. Ukiwa ndani ya maandishi, N itaandika n tu. Toka kwanza kwa Ctrl+Enter.

mswaki77:
Kwa kusafisha ngozi, hata N ni mzunguko. Shika brashi (B), bonyeza Alt+Shift, kisha bofya kulia bila kuachia mausi. Rangi zinatokea palepale kwenye picha. Ukishaziona, achia vitufe, endelea kuburuta. Ukibana spesi, kivuli ulichochagua kinabaki unapohamia rangi nyingine. Isipotokea kabisa, nenda Preferences, Performance, uwashe Use Graphics Processor.

kioo_safi:
N imekubali, asante mkuu. Hii ya mswaki77 kwangu inakuza na kupunguza brashi, rangi sizioni.

mswaki77:
Shift haijafika. Alt na bofya kulia peke yake ndiyo hubadilisha ukubwa wa brashi. Kingine: kama Windows yako ina kibodi za lugha mbili, Alt+Shift huhamisha lugha. Zima njia hiyo ya mkato kwenye mipangilio ya kibodi ya Windows, la sivyo utashangaa alama zikibadilika katikati ya kazi.

fundi_rangi:
Za bluu tumia Actions, yaani hatua unazorekodi zijirudie kwa kitufe kimoja. Fungua paneli kwa Alt+F9, New Action, Function Key chagua F2, Record. Bofya kiboksi cha rangi, andika namba ya hex (msimbo wa rangi wenye tarakimu sita), OK, kisha Stop. Ya pili ipe F3. Kwa kawaida F2 na F3 ni kukata na kunakili, lakini nani anazitumia wakati Ctrl+X na Ctrl+C zipo? F5, F6 na F7 usiziguse, zinafungua paneli za brashi, rangi na leya. Kwenye laptopu nyingi utahitaji kubana Fn.

Kujaza mandharinyuma ni Alt+Backspace. Bluu ikigeuka kijivu, umesimama kwenye mask (kifuniko cha leya kinachoficha sehemu za picha). Bofya picha ndogo ya leya yenyewe. Na ikitofautiana kati ya faili na faili, kagua profaili ya rangi ya kila faili: namba zilezile kwenye sRGB na kwenye Adobe RGB si rangi moja.