Mrejesho: ile simulizi ya Zuhura na konda Side

Wapendwa habari zenu, nimerudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Kwa ambao hawakuwepo, niliuliza kama Zuhura shoga wa bibi harusi na Side konda wa daladala, wale wahusika wadogo wa simulizi yangu ya kwanza, niwape simulizi yao, na wale wapenzi wa mwanzo niwarudishe au niwaache.

Nimeandika, jana nimemaliza sehemu ya 30. Wengi mlisema nianze baada ya harusi ila moyo ulikataa kabisa, nikarudi kwenye harusi ileile lakini safari hii tupo uani kwenye masufuria, Zuhura macho mekundu kwa moshi anageuza pilau, Side kaleta barafu kaibeba begani shati lote limelowa, bibi harusi hatumwoni, tunasikia vigelegele tu kwa mbali. Hapo ndo nikajua hii ni yao kweli.

Kazi ilikuwa Side, maana kule mwanzo alikuwa wa kuchekesha tu na ukimnyang'anya utani wasomaji hawamtambui, basi nikamwachia mdomo wake ila akikaa na Zuhura anaishiwa maneno. Wale wa mwanzo wanatokea sehemu mbili tu, wakizidi wanameza hadithi.

Halafu nikampa mdogo wangu ambaye ile ya kwanza hajaisoma, kakwama sehemu ya 4 peke yake, nimeirekebisha. Asanteni mno, Ijumaa naanza kurusha.