Je, serikali humsaidia mpangaji katika mji mdogo wa Uganda kulipa kodi ya nyumba?

Mpangaji wa Kasese:
Ndugu zangu, salamu. Mimi ni mjane mwenye watoto watatu, na mwenye nyumba ametangaza kwamba kodi yangu itapanda kutoka shilingi 150,000 hadi 200,000 kwa mwezi. Naomba kuelezwa kama kuna ofisi ya serikali inayopokea maombi ya msaada wa kodi au ya nyumba za umma.

Jibu la 1:
Pole, dada. Uganda haina mpango wa kitaifa wa kumlipia raia kodi. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1964, hujenga zaidi nyumba za kuuza, nazo nyingi ziko Kampala. Nyumba za serikali zilizoko wilayani ni za watumishi kama vile polisi na walimu. Usimlipe mtu yeyote anayekuuzia fomu za msaada huo.

Jibu la 2:
Nakubaliana naye, lakini ngao yako ipo katika Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022, ambayo hairuhusu kodi kupandishwa kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, wala mpangaji kutolewa bila amri ya mahakama. Kwako, nyongeza isizidi shilingi 15,000. Anza kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa wako), ukiwa na stakabadhi zako zote.

Mpangaji wa Kasese:
Asanteni sana. Stakabadhi ninazo, isipokuwa za miezi miwili.

Jibu la 2:
Zidai leo, kabla hamjakosana.