Sanamu ya sangara na katuni: picha niirushe wapi?

kijana_kirumba:
Wakuu habari za jioni. Nachonga sangara kwa mbao za mtumbwi chakavu niliochukua Mwaloni, soko la samaki hapa Mwanza, ana kama mita 3, na tumboni nimemwachia uwazi. Nataka aende na katuni fupi, jinsi alivyoletwa Ziwa Victoria miaka ya 50 akawamaliza furu, wale samaki wadogo wa asili, aina kibao hazionekani tena, afu huyohuyo ndo akaleta viwanda vya minofu na ada za shule za watu humu mjini. Mtu aone yote mawili kwa pamoja. Sasa katuni niirushe juu ya sanamu au niweke TV pembeni? Nimeazima projekta nikajaribu kwenye mbao, hamna kinachoonekana.

mama_udongo:
Mwanangu TV usiweke kabisa, watu watakodolea TV na kazi ya mikono yako wataipita. Mbao iliyokaa majini miaka inakuwa nyeusi, inameza mwanga wote. Shona viroba vyeupe kama wanavyoshona tanga, ziba navyo ule uwazi wa tumboni, projekta ikae ndani kwa nyuma, hapo hata watu wakijaa mbele hakuna atakayekata mwanga. Ila ugeuze picha kushoto iwe kulia, ukirusha kwa nyuma maandishi yanasomeka kinyume.

Ng'wana Kisesa:
Mi naona filamu ipunguze. Huku kwetu Usukumani sanamu zinacheza tangu zamani, Wagika na Wagalu, vile vyama viwili vya ngoma, wanaposhindana wanaingia uwanjani na sanamu za mbao, nyingine viungo vinacheza kabisa. Pita makumbusho ya Wasukuma pale Bujora uangalie. Huyo sangara mfunge taya kwa bawaba, kamba ivutwe, afunge na kufungua mdomo. Akibaki kama gogo, katuni itakuwa nzuri na yeye atakuwa kibebeo tu.

mkaa_na_karatasi:
Nakubaliana na hapo juu, ila filamu isipungue. Mtafute mtandaoni msanii William Kentridge wa Johannesburg, mwaka 2012 kule Kassel, Ujerumani, alionyesha kazi yake inaitwa The Refusal of Time, katikati ya chumba kuna mashine kubwa ya mbao inaenda na kurudi kama inapumua, filamu zimezunguka ukutani, na vyote vinazungumzia muda. Katuni zake anachora kwa mkaa, anapiga picha, anafuta kidogo, anachora tena kwenye karatasi ileile, kwa hiyo alama ya kilichofutwa inabaki. Mkuu hiyo ndo njia yako! Furu akiliwa usimwondoe, mfute abaki doa, mpaka mwisho sangara anaogelea kwenye madoa matupu.

kijana_kirumba:
Hilo la doa limenikaa sana, mkaa tunao wa kutosha. Nikienda picha 12 kwa sekunde, dakika 2 ni 1,440, kwa hiyo naanza na dakika moja. Taya nalifunga wiki hii, na anafunga mdomo kila furu mmoja anapofutwa.

mama_udongo:
Vizuri. Kama utaonyesha nje ufukweni, ziba matundu yote ya tumbo kwa chandarua, wale wadudu wa ziwani wakiona mwanga wanajaa kwenye lenzi.