Bunge la Uingereza la 1640 hadi 1660, mbona mfalme hakulivunja?

Kijana wa Kibokoni
Asalam aleikum wadau. Jana barazani tumebishana mpaka isha. Ati Uingereza kuna bunge liliitwa 1640 likaja kuisha 1660, na vita vya wenyewe kwa wenyewe hapo katikati. Sisi hapa mbunge akimaliza mitano watu washamchoka, hao walikaaje na mfalme yupo?

Bint Mji wa Kale
Kakangu, pesa. Charles wa Kwanza alitawala miaka 11 bila bunge, halafu akakosana na Waskoti kwa mambo ya dini, jeshi lao likaingia kaskazini mwa Uingereza likakaa palepale lataka kulipwa na yeye hazina haina kitu. Bunge la Aprili alilivunja kwa wiki tatu tu, Novemba ikambidi aite jingine. Kuwalipa Waskoti bunge ilibidi likope, sasa nani akopeshe bunge ambalo mfalme aweza kulitawanya kesho, deni utamdai nani? Ndio Mei 1641 ikapita sheria kwamba halivunjwi mpaka lenyewe likubali. Charles aliipitisha siku moja na hukumu ya kifo ya Strafford, mtu wake mkubwa, huku watu wamejaa nje wapiga makelele. Mie naona hapo ndipo alipojimaliza.

Mzee wa Kuze
Bint kasema kweli, lakini miaka 20 si mfululizo jamani. Januari 1642 Charles aliingia bungeni mwenyewe na askari kushika wabunge watano, akakuta washatoroka, akamuuliza spika Lenthall wako wapi, spika akapiga magoti akakataa kusema. Agosti vita. Desemba 1648 Kanali Pride wa jeshi la bunge akasimama mlangoni na wanajeshi, mbunge wasiyemtaka haingii, waliobaki ndio wakamshtaki mfalme akakatwa kichwa Januari 1649. Cromwell, mkuu wa jeshi hilo, naye akawafukuza hao 1653, na sheria ya 1641 ipo! Wakarudishwa 1659, na wale waliozuiwa mlangoni 1660, ndio Machi wakajivunja wenyewe. Uchaguzi mkuu wao ulikuwa 1640 tu, na hilo laniuma kwa raia wa kule.



Kijana wa Kibokoni
Shukran sana. Na Waskoti walilipwa?

Bint Mji wa Kale
Waliahidiwa pauni 300,000, jeshi likarudi kwao 1641. Vita vilipoanza wakaja tena 1644, safari hii upande wa bunge.