Sayari ikizidi kuwa na maji, uhai nao unazidi? Mimi napinga

Mleta mada:
Wadau, kila inapotangazwa sayari mpya, watu huuliza kama ina maji. Wakiambiwa yapo, wanaona uhai umekaribia, na yakiwa mengi zaidi ndiyo bora zaidi. Hapo mwisho ndipo ninapopinga. Maji ya juu ya uso yanafaa sana pale yanapopakana na nchi kavu. Sayari iliyozama yote nina mashaka nayo makubwa.

Tuitazame Dunia. Bahari imefunika asilimia 71 ya uso wake, kina cha wastani karibu kilomita 3.7, lakini kwa uzito maji hayo ni kama asilimia 0.02 tu ya Dunia nzima. Ni machache kiasi cha kuacha mabara nje. Mvua ikinyesha huyeyusha kaboni dioksidi ya hewani, inakuwa asidi hafifu na kula miamba taratibu. Mito hupeleka madini hayo baharini, kaboni inafungwa kwenye chokaa, inazama pamoja na gamba la Dunia, na baada ya mamilioni ya miaka volkano huirudisha hewani. Joto likipanda, miamba huliwa haraka zaidi, kaboni hupungua hewani na joto hushuka. Baridi ikizidi, kazi hiyo hulegea huku volkano zikiendelea kutoa gesi, na joto hurudi. Wataalamu wengi wanaona ndivyo Dunia ilivyojinasua kwenye barafu iliyoifunika karibu yote, takriban miaka milioni 700 iliyopita.

Sasa ongeza maji mpaka milima yote izame. Mvua haiigusi miamba tena, na kidhibiti hicho kinadhoofika. Bahari ikifika kina cha mamia ya kilomita, mgandamizo hugeuza maji ya chini kuwa barafu ngumu hata yakiwa na joto, na barafu hiyo huitenga bahari na miamba. Fosforasi, ambayo kila kiumbe tunachokijua huihitaji, itatoka wapi?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umejifungia kwenye uso wa sayari. Enceladus, mwezi mdogo wa Zohali, uso wake ni barafu tupu, lakini chini kuna bahari. Chombo cha Cassini kilipita katikati ya mvuke unaofoka kwenye nyufa zake. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba mvuke huo una hidrojeni, na mwaka 2023 zikaripotiwa fosfati kwenye chembe za barafu zilizotoka humo. Hiyo fosforasi unayoililia ipo! Hapa kwetu, mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galápagos, watafiti walikuta minyoo na chaza wamejaa kwenye chemchemi za moto, kina cha karibu mita 2,500, gizani kabisa. Uso wa nini tena?

Mchangiaji wa pili:
Na Mirihi msiisahau. Roboti ya Perseverance ilitua huko mwaka 2021 kwenye kreta ya Jezero kwa sababu mto wa kale uliacha delta pale. Maji yalikuwepo juu ya uso, nchi kavu pembeni. Yamekwenda wapi? Sayari ndogo, hewa yake imepeperukia angani. Bila hewa nzito ya kuyakandamiza, maji hayakai.

Mleta mada:
Wa pili, hilo naliunga mkono moja kwa moja.

Wa kwanza, Enceladus ni hoja nzito kuliko zote, na chombo kingine kipelekwe huko. Ila iangalie hiyo minyoo ya Galápagos kwa karibu. Inalishwa na bakteria wanaoishi mwilini mwake, na bakteria hao huunguza salfidi kwa oksijeni iliyoyeyuka majini. Oksijeni hiyo imetengenezwa juu, na viumbe vinavyotumia mwanga wa jua. Vinavyoweza kuishi bila mchango wowote wa juu ni vijidudu kama vile vinavyotengeneza methani kutokana na hidrojeni. Kwa hiyo bahari iliyofichwa naipa nafasi ya kuwa na vijidudu. Msitu wa viumbe wakubwa siipi.

Halafu kuna suala la kuonekana. Enceladus tunaifikia kwa chombo. Sayari ya nyota nyingine hatuifikii, tunasoma hewa yake tu, na uhai uliozibwa chini ya kilomita nyingi za barafu hauwezi kuibadilisha hewa hiyo kiasi cha sisi kugundua. Chukua sayari ya K2-18b, iko miaka ya nuru kama 124 kutoka hapa, na wapo wanaoiona kuwa bahari iliyofunikwa na hidrojeni. Mwaka 2025 yakatoka madai ya gesi ambayo hapa Duniani hutolewa na viumbe vya baharini, na wataalamu wengine wakayapinga vikali. Muda wa darubini ya James Webb ni wa kugombaniwa. Mimi ningeupeleka kwenye sayari ndogo za miamba, zilizo katika umbali unaoruhusu maji kubaki kimiminika, tujue kwanza kama zina hewa. K2-18b ningeiweka nyuma ya foleni. Wewe ungeanza na ipi, na kwa nini?