Programu ya duka kila wiki inabadilishwa, nifanyeje? (Tanga)

Mwana_Chumbageni
Wakuu, habari za jioni. Nimemtengenezea programu ya mauzo mzee mmoja wa vifaa vya ujenzi hapa Tanga. Tulipoanza alisema bei ni moja tu. Sasa mafundi wana bei yao, misumari inauzwa kwa kilo na kwa boksi, na wiki hii anataka kukopesha. Kila badiliko nakesha, nikirekebisha kosa leo, kesho kutwa napigiwa simu kwa kosa lile lile. Nifanyeje? Natanguliza shukrani.

Ngoja_Waje
Ngoja waje wataalamu. Nipo hapa na kahawa na kashata.

BintiMakorora
Tafuta ajira serikalini. Kaka yangu alikuwa kama wewe, sasa yupo halmashauri, saa tatu usiku kashalala.

Mhasibu_Mstaafu
Umenikumbusha Julai 2009, VAT iliposhuka kutoka asilimia 20 hadi 18. Kwenye programu yetu ile 20 ilikuwa imeandikwa sehemu 31. Tukabadilisha 30. Kibaya zaidi, ukichapa upya ankara ya Mei nayo inatoka na 18! Kiwango chochote kikae kwenye jedwali na tarehe kinapoanza kutumika. Vijana hamsikii.

Kapi_la_Jahazi
Mleta uzi, kosa ulilolirekebisha linarudije? Duka ni moja?

Mwana_Chumbageni
Yapo manne. Ngamiani, Muheza, Pangani, Korogwe.

Kapi_la_Jahazi
Na programu?

Mwana_Chumbageni
Nne pia. Nilinakili ya Ngamiani, nikabadilisha jina na bei. Msinicheke, kila duka lina mambo yake, na moja ikifa nyingine zinaendelea kuuza. Ya Lushoto nimeshaanza kuinakili, Ijumaa naifunga.

Ngoja_Waje
🤣🤣 Kashata imenipalia.

Kapi_la_Jahazi
Hiyo ya Lushoto iache. Hizo nne zirudishe ziwe msimbo mmoja, tofauti za matawi ziende kwenye jedwali: jina, bei, nani anakopeshwa. Hesabu ya bei ikae mahali pamoja, skrini iulize tu. David Parnas, mtaalamu wa programu za kompyuta, aliandika tangu 1972 kwamba ugawe programu kwa kufuata maamuzi yanayoelekea kubadilika, kila uamuzi ufichwe kwenye moduli yake, yaani kipande chake cha programu. Yako mzee keshakutajia: bei, kipimo, mkopo. Anza na bei.

Mwana_Chumbageni
Mimi nilipanga kuandika yote upya, vipande vidogo vidogo, kila kimoja na seva yake. Seva nimeshalipia mwaka mzima.

Kapi_la_Jahazi
Seva zote hizo za kuuzia misumari?

Fundi_Nondo
Ila usivuke mpaka. Mimi niliweka swichi kwa kila kitu, nikijua nimemaliza kazi. Mwenye duka akazima moja asiyoijua, bati zikauzwa kwa sifuri asubuhi nzima. Kile ambacho hakijawahi kubadilika kiache kilivyo.

Mzizi_wa_Fitina
Mnakunywa chai, wakuu. Tajiri gani Tanga anamwachia kijana maduka manne bila hata karatasi? Halafu uzi kama huu niliusoma mwaka jana, jamaa alikuwa Morogoro anauza mbao.

Mwana_Chumbageni
Mbao sizijui. Karatasi hakuna kwa sababu mzee ni baba mkwe mtarajiwa. Nitamwambiaje asubiri?

BintiMakorora
Hilo ndilo ungeanza nalo! Posa umepeleka?

Mwana_Chumbageni
Tulipanga baada ya Lushoto.

Mzizi_wa_Fitina
Chai ya tangawizi hiyo.

Mzee_wa_Pwani
Jamani, subirini kwanza. Jumanne nimenunua misumari kilo mbili hapa Pangani, risiti imeandikwa TAWI LA NGAMIANI. Nikairudisha kubadilishiwa, wakaniambia nipande gari hadi Tanga, ndiko ilikouzwa. Nikapanda. Kijana, nauli yangu nakudai, kwenda na kurudi.