Fundi kahamishia betri buti, gari haiwaki, kisha kaniuzia stata ambayo haikuhitajika

Wakuu, nina hasira na leo sitazimeza.

Gari ni Toyota Altezza yenye injini ya 3S. Betri yake inakaa mbele, nikataka ihamie buti nipate nafasi ya chujio kubwa la hewa. Si kazi ya miujiza. BMW E46 imetoka kiwandani na betri buti na inawaka vizuri tu. Fundi umeme akasema kazi hiyo anaifanya kila siku, tukapatana bei.

Alipomaliza, gari ikagoma. Taa za dashibodi zinawaka, honi inalia, taa kubwa kali kabisa. Ukizungusha ufunguo unasikia "tak" moja, basi.

Bila hata kushika mita akatangaza kuwa stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, imekufa. Akaleta nyingine, nikalipa, akafunga. Tak. Akasema basi ni betri imechoka. Tukabustia na gari ya jirani yake, tak. Mwisho akaanza kuzungumzia kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Jamani! Gari imeingia gereji ikiwaka yenyewe, kilichoguswa ni nyaya za betri peke yake, unaanzaje kulaumu stata?

Nikaivuta gari nyumbani na kuazima mita. Betri ikiwa imetulia inasoma volti 12.6, yaani imejaa. Mdogo wangu akazungusha ufunguo huku napima: kwenye betri 11.2, kwenye stata 6.8. Volti 4.4 zimepotelea njiani! Nikapima kila upande peke yake. Kutoka chanya ya betri mpaka stata, 1.4 imepotea. Kutoka chuma cha injini mpaka hasi ya betri, 3 nzima. Kila upande haukupaswa kuzidi nusu volti hivi.

Nikachukua nyaya za kubustia, nikaziunga mbili zifike, ncha moja kwenye hasi ya betri kule buti, nyingine kwenye chuma cha injini. Gari ikawaka pale pale. Na ile ile stata.

Injini imekalia raba, haigusani na bodi. Betri ilipokuwa mbele, hasi yake ilikuwa na waya mnene unaokwenda moja kwa moja kwenye injini. Yeye aliung'oa pamoja na betri, kisha akafunga hasi mpya kwenye bolti ndani ya buti na kujiona amemaliza. Nimeifungua hiyo bolti. Chini ya washa, kile kipete cha bolti, rangi ya kiwandani iko vile vile, inang'aa, haijapigwa msasa hata kidogo. Huku mbele kilichobaki ni kiwaya chembamba kati ya injini na bodi, na baada ya kupiga stata kilikuwa cha moto hakishikiki. Stata inavuta zaidi ya ampia 100, ndugu zangu. Utaipitishaje pale?

Chanya nako ametumia waya wa amplifaya ya muziki. Kwa nje umenona kama kidole gumba, ukiukata ni plastiki tupu. Nikakwangua nyuzi kwa wembe, wekundu ukabanduka, ndani nyeupe. Alumini iliyopakwa shaba. Mimi nimetozwa bei ya shaba.

Ila kinachonitetemesha ni hiki: waya huo umetoka buti, umepita chini ya zulia, ukakatiza kwenye reli ya kiti cha mbele, bila fyuzi. Hakuna fyuzi popote! Kiti kikisogezwa mara kadhaa ganda likachubuka, chanya inagusa bodi, betri inamwaga mamia ya ampia na hakuna cha kuikata. Zulia linashika moto huku wanangu wamekaa juu yake. Fyuzi inatakiwa karibu kabisa na betri, ndani ya sentimita 30 hivi, ili waya wote uwe na ulinzi. BMW yenyewe wameweka kichwa cha chanya kinachojikata gari ikipata ajali. Na betri ni ya maji, ikichajiwa inatoa gesi ya hidrojeni, lakini bomba la kuitoa nje hajaweka.

Nimempigia. Anasema kazi yake haina kasoro, eti nimechokonoa nyaya mwenyewe. Pesa ya stata harudishi. Stata yangu ya zamani, ambayo ilikuwa nzima, anasema haioni. Narudi kwake Jumatatu na vipimo vyote na picha za ile bolti, na siondoki bila stata yangu.

Kwa sasa natafuta mita 5 za waya wa shaba halisi, milimita za mraba 50, na nyingine fupi ya kutoka injini kwenda bodi. Anayejua duka mtaa wa Gerezani, Dar, linalokubali ukwangue waya kabla ya kulipa, aniandikie hapa na bei kwa mita.